Ombi Lililokataliwa

Miongoni mwa ahadi ambazo mashine humpa binadamu kila siku, hakuna iliyo kubwa kuliko ile itolewayo kimya kimya mtu anapohifadhi kazi yake: kwamba maneno aliyoyaandika, hesabu alizozijumlisha, au picha aliyompiga mwanawe, vimekwisha kuwekwa mahali pa salama, navyo vitarudishwa kama vilivyokuwa, herufi kwa herufi na rangi kwa rangi, siku atakapovitaka. Karani wa benki, daktari, mwalimu mwenye alama za wanafunzi wake, na msichana mwenye simu mkononi, wote huishi kwa itibari ya ahadi hiyo, na aghalabu hawajui ni nani aliyeiweka wala ni kazi gani ifanywayo ili isivunjike. Muradi wa makala haya ni kueleza sehemu moja ya kazi hiyo, nayo ni kusoma na kuhakiki mabadiliko ya msimbo kabla hayajaingizwa katika mfumo endeshi, hususa msimbo ule unaopokea maombi ya kuandika na kusoma diski. Na kwa kuwa jambo la ufundi hueleweka vyema likiwa na kisa chake, tutalitazama kwa kisa cha kweli kilichotokea mwaka 2018 katika mfumo wa Linux, ambapo mabadiliko madogo, yaliyoandikwa kwa nia njema na kupimwa kwa bidii, yaliharibu faili za watu.

Njia ya ombi

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na leo imo ndani ya seva nyingi za intaneti na ndani ya simu za Android, hata mtu wa Mombasa au wa Bukavu asiyepata kulisikia jina lake huitumia tangu asubuhi hadi usiku. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo huitwa kiini, nayo ndiyo inayosimama kati ya programu na vifaa. Ulipofika mwaka 2018 kiini hicho kilikuwa na mistari ya msimbo iliyozidi milioni 20, imegawanywa katika matabaka, kila tabaka likiwa na kazi yake na kila moja likitegemea neno la jirani yake.

Programu inapotaka kuhifadhi faili, haiendi kwenye diski yenyewe. Huikabidhi kazi hiyo kwa mfumo wa faili, ambao ulio mashuhuri katika Linux huitwa ext4, nao ndio ujuao kila faili inakaa wapi na ina ukubwa gani. Mfumo wa faili nao hausemi na diski. Hutunga ombi lenye kueleza kwamba data zilizopo mahali fulani katika kumbukumbu ya mashine ziandikwe katika sekta kadha wa kadha, yaani vipande vidogo vya diski, au kinyume chake, kwamba sekta hizo zisomwe na yaliyomo yaletwe katika kumbukumbu. Kisha ombi hilo hulipeleka kwa tabaka la kati, ambalo mafundi huliita tabaka la bloku. Tabaka hili ndilo liyapangalo maombi katika foleni, ndilo liamualo lipi litangulie na lipi lifuate, na mwisho ndilo liyakabidhilo kwa draiva, yaani programu iliyoandikwa kwa ajili ya aina fulani ya kifaa, ambayo peke yake ndiyo ijuayo namna ya kukiamuru kifaa hicho.

Mojawapo ya kazi za kale za tabaka la bloku ni kuunganisha maombi. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na kidogo, na kabla ya kusoma neno lolote sharti kichwa chake kihamie mahali palipotakiwa na kungoja sekta ifike chini yake. Kwa hiyo maombi mawili yanayohusu sekta zinazopakana, yakipelekwa mbali mbali, huweza kuigharimu mashine safari mbili, ilhali yakiunganishwa kuwa ombi moja humalizika kwa safari moja. Faida hiyo ni kubwa mno, hata waandishi wa mifumo endeshi, kwa muda mrefu, waliliona jambo la kuunganisha maombi kuwa ni busara isiyohitaji kutetewa.

Kisha zikaja diski zisizozunguka, ambazo hazina sahani wala kichwa, na ambazo zilizo bora kati yake huweza kujibu maombi mamia ya maelfu kwa sekunde moja. Hapo mushkili ukahama. Uzito haukuwa tena katika diski, bali katika foleni yenyewe, kwa maana foleni ilikuwa moja na kufuli lake lilikuwa moja, na prosesa zote za mashine zilipaswa kungojeana mlangoni. Mwaka 2013 Jens Axboe, Mdenishi ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtunzaji wa tabaka la bloku, pamoja na Matias Bjørling na wenzao, walitoa andiko la kitaalamu lililoeleza mpango mpya wa foleni nyingi, ambapo kila prosesa hupata foleni yake na kifaa nacho huweza kuwa na foleni zaidi ya moja. Mpango huo uliingia katika toleo la 3.13 la Linux mwezi Januari 2014. Njia ya kale haikufutwa papo hapo. Ilidumu sambamba na mpya hadi toleo la 5.0, lililotoka Machi 2019, na kisa chetu kilitokea katika muda huo wa kuhama, pale wengi walipokuwa wamekwisha kuiacha njia moja bila ya kuizoea sawasawa ile nyingine.

Ikrari ya mhakiki

Mtu anayetaka kubadili neno lolote katika kiini cha Linux huandika kiraka, nacho ni waraka unaoonyesha mistari inayoondolewa, ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, na mistari inayotiwa, ikiwa na alama ya kujumlisha. Juu yake huwekwa maelezo ya sababu. Tangu mwaka 2004, baada ya kesi za hakimiliki kuikabili Linux, kila kiraka lazima kibebe mstari wa ikrari ambamo mwandishi hutaja jina lake na kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Waraka huo hupelekwa kwa mtunzaji wa sehemu inayohusika na kwa wengine wenye ujuzi wa sehemu hiyo, nao huusoma hadharani, huuliza, hukataa, hushauri, na mara nyingi humrudishia mwandishi kazi yake mara ya pili, ya tatu na ya nne kabla ya kuikubali.

Mhakiki akiridhika, naye huweka jina lake. Jina hilo lina maana iliyoelezwa bayana katika kanuni za Linux: kwamba amekisoma kiraka kwa jicho la kifundi ili kuona kama kinafaa, kwamba kila mashaka aliyokuwa nayo amemweleza mwandishi, naye ameridhika na majibu, na kwamba, kwa kadiri ajuavyo, mabadiliko hayo yana faida na hayana ila inayojulikana. Lakini kanuni hizo hizo zasema kwamba mhakiki hatoi dhamana kuwa kiraka kitatimiza madhumuni yake. Naona insafu kubwa katika maneno hayo, kwa sababu yanamtaka mtu atoe bidii yake yote na ukweli wake wote, wala hayamtaki ajitie ujuzi wa ghaibu. Hata hivyo yanaacha wazi swali ambalo kisa chetu kitalijibu: bidii hiyo ielekezwe wapi?

Njia ya mkato

Mwezi Julai 2018 kilipendekezwa kiraka kimoja chenye wazo jepesi kulifahamu. Katika mpango wa foleni nyingi mtumiaji anaweza kuchagua kutokuwa na mratibu yeyote wa foleni, yaani programu ya kuamua ombi lipi litangulie, na wenye diski za kasi hupenda kufanya hivyo. Ikiwa mratibu hayupo, alisema mwandishi wa kiraka, na ikiwa kifaa kwa wakati huo hakina shughuli nyingi, hakuna haja ya kuliweka ombi katika foleni na kulitoa tena papo hapo. Na lipelekwe moja kwa moja kwa draiva. Jambo hilo lilijaribiwa katika mashine zenye vifaa vikubwa vya kuhifadhia data, na ikaonekana kwamba maombi yanayomalizika kwa sekunde yanaongezeka na kazi ya prosesa inapungua. Maelezo ya kiraka hayakusahau hata habari ya kuunganisha maombi: yalieleza kwamba, maadamu kifaa hakina shughuli, foleni aghalabu huwa karibu tupu, na kwa hiyo kuiruka hakutapoteza nafasi kubwa ya kuunganisha.

Hoja hiyo ilikuwa sahihi, na mtu mwenye akili timamu akiisoma leo hatapata pa kuipinga. Lakini itazamwe kwa makini, maana habari ya kuunganisha ilipimwa kama jambo la kasi tu, haikupimwa kama jambo la usalama. Swali lililojibiwa ni hili: ombi likienda moja kwa moja na likapokelewa, tutapoteza nini? Swali lililobaki bila kujibiwa ni la pili yake: ombi likienda moja kwa moja na likakataliwa, litarudi wapi, na litarudi katika hali gani?

Kiraka kiliingia katika toleo la 4.19, lililotangazwa tarehe 22 Oktoba 2018. Katika toleo hilo hilo kiliingia kiraka kingine, kilichofanya tabaka la SCSI, ambalo ndilo linaloendesha hata diski za kawaida za SATA zilizomo katika kompyuta za watu nyumbani, litumie mpango wa foleni nyingi bila ya mtumiaji kuombwa. Kila kimoja kati ya viwili hivi kilikuwa na sababu nzuri, na mkutano wao ulipanua njia ambayo dosari ingepitia.

Sekta nane zilizosahauliwa

Na sasa tulifuate ombi moja hatua kwa hatua, kwa mfano wa hesabu ndogo. Mfumo wa faili unataka kusoma baiti 4,096, ambazo ni sekta 8 za baiti 512, kuanzia sekta ya 1,008 hadi ya 1,015. Ombi linatungwa, linaruka foleni, linafika kwa draiva. Tabaka la SCSI linaanza kazi yake kwa hima: linaandika amri itakayopelekwa kwa diski, yenye kutaja sekta ya kuanzia na idadi ya sekta, linatengeneza jedwali la vipande vya kumbukumbu ambamo data zitatiwa, kisha linalipiga ombi muhuri wa kusema kwamba limekwisha kutayarishwa, wala lisitayarishwe tena, ili kazi hiyo isirudiwe bure. Baada ya hayo yote ndipo linapogundua kwamba kifaa kina shughuli na hakiwezi kupokea zaidi, nalo linajibu kwamba ombi lisubiri.

Msimbo mpya ulilichukua ombi hilo lililokataliwa na kulirudisha katika foleni ya kawaida, lingojee zamu yake kama maombi mengine. Na katika foleni ya kawaida, kama tulivyosema, maombi huunganishwa. Linakuja ombi la pili, la sekta ya 1,000 hadi ya 1,007, linalomkuta jirani yake akingoja. Tabaka la bloku, likifuata desturi yake njema ya siku zote, linaliunganisha mbele ya lile la kwanza, na sasa kuna ombi moja la sekta 16, kuanzia ya 1,000 hadi ya 1,015. Kifaa kinapopata nafasi, ombi linarudi kwa draiva. Draiva inaona muhuri. Haitengenezi amri mpya wala jedwali jipya, bali inatumia yale ya awali, yanayosema sekta 8 kuanzia ya 1,008. Diski inazisoma hizo, inajibu kwamba imemaliza, na aliyeleta ombi la pili anaarifiwa kwamba sekta zake zimesomwa, ilhali hakuna aliyezigusa.

Ni kama karani wa forodha aliyekwisha kuandika na kutia muhuri hati ya magunia kumi, akaambiwa chombo kimejaa na kwamba shehena ingoje safari ijayo. Usiku magunia kumi mengine yakapangwa juu ya yale ya kwanza, na asubuhi chombo kikapakia kumi kwa mujibu wa hati, na mwenye magunia ya pili akapelekewa salamu kwamba mali yake imekwisha kusafiri.

Ombi likiwa la kusoma, mfumo wa faili hupokea kipande cha kumbukumbu chenye chochote kilichokuwamo tangu zamani, ukadhani ndicho kilichotoka katika diski. Ombi likiwa la kuandika, ubaya ni mkubwa zaidi, maana data za mtu hazifiki katika diski kabisa, na mashine, ikiwa imekwisha kupokea habari njema, huifuta nakala yake katika kumbukumbu pasipo wasiwasi.

Kumtafuta mkosaji

Watumiaji walianza kuona ujumbe wa ext4 ukilalamika kwamba taarifa za faili zilizosomwa si sahihi, na wengine walikuta faili zimeharibika pasipo dawa. Kwa kuwa ext4 ndiyo iliyopiga kelele, ext4 ndiyo iliyotuhumiwa kwanza, na mtunzaji wake, Theodore Ts'o, akawa wa kwanza kubeba mzigo wa kutafuta ila katika nyumba yake. Jambo hili lina mafunzo kwa kila mwenye kusoma malalamiko ya mashine: tabaka linalolia si lazima liwe ndilo lililokosa, kwa maana aghalabu anayegundua hasara ni yule mwenye hesabu safi, aliyekuwa akiangalia kwa uaminifu kile alichopewa na mwingine.

Uchunguzi ulikuwa mgumu kwa sababu masharti ya dosari yalikuwa mengi na yote yalipaswa kukutana: mashine isiyo na mratibu wa foleni, kifaa kinachopitia tabaka la SCSI, kifaa hicho kukataa ombi kwa kuzidiwa, na ombi la jirani kufika katika muda mfupi wa kungoja. Mashine zilizokuwa na mratibu hazikupita katika njia ya mkato, na wenye mashine hizo walijaribu na kujaribu wasione lolote. Njia iliyobaki ni ile ya kugawa kwa nusu: mtu huchukua orodha ya mabadiliko yote yaliyopo kati ya toleo zima na toleo bovu, hujaribu lile la katikati, na kwa jibu atakalolipata huitupa nusu moja ya orodha, hata yakiwa mabadiliko elfu 10, majaribio 14 hutosha kumfikisha kwenye moja. Hesabu hiyo ni ya kupendeza pale dosari inapojitokeza kila mara, lakini dosari ijitokezayo mara kwa mara tu humtesa mchunguzi, kwa kuwa mashine iliyokaa saa nyingi bila ya kuonyesha ubaya si ithibati ya uzima wake, na jibu moja la uongo hupeleka utafutaji wote upande usio. Watumiaji waliovumilia kazi hiyo, huku wakiziweka diski zao wenyewe katika hatari, ndio waliofikisha uchunguzi katika tabaka la bloku, nao wanastahiki shukrani kama walivyostahiki mafundi waliotibu.

Mwanzoni mwa Disemba 2018 Jens Axboe akatoa kiraka cha tiba. Kilifanya mambo mawili: ombi lililokataliwa likatiwa alama ya kukataza lisiunganishwe na lingine, na njia ya mkato ikaruhusiwa kwa maombi ya kusoma na kuandika tu, si kwa aina nyingine. Uharibifu ukakoma. Lakini haikupita siku nyingi ikabainika kwamba sharti la pili limezaa mushkili mpya, kwa kuwa ipo sehemu ya kiini, ile inayounganisha njia kadhaa za kuifikia diski ile ile ili zionekane kama moja, ambayo daima hujaribu kwanza njia ya moja kwa moja. Na ombi lake likiwa si la kusoma wala la kuandika, sasa lilikataliwa, likarudi, likajaribu, likakataliwa tena, bila kikomo. Hapo Axboe akatoa kiraka cha pili, nacho naona ni bora kuliko cha kwanza, kwa sababu hakikuongeza vighairi juu ya vighairi. Kilisema hivi: ombi lolote ambalo limekwisha kupita mikononi mwa draiva lisirudishwe kamwe katika foleni ya kawaida, bali liwekwe katika orodha ya pekee ya kifaa, ambamo hakuna maombi yanayounganishwa. Tiba hiyo ikawafikia watumiaji wa toleo la 4.19 mwezi huo huo wa Disemba.

Kinachotakiwa kwa msomaji

Ukivilinganisha viraka hivi viwili vya tiba utaona asili ya kosa lenyewe. Kabla ya njia ya mkato kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa bayana: kwamba ombi huunganishwa kabla ya kufika kwa draiva, na likisha kufika huko halirudi tena mahali pa kuunganishwa. Ilitunzwa na mpangilio wa msimbo wenyewe, na draiva za SCSI ziliitegemea zilipopiga muhuri wao. Njia ya mkato iligeuza mpangilio, ikalipeleka ombi kwa draiva kwanza na foleni baadaye, na kanuni isiyoandikwa ikavunjika bila ya mstari wake hata mmoja kufutwa. Kiraka cha mwisho cha Axboe kiliirudisha kanuni hiyo, na safari hii ikaandikwa.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba mhakiki wa msimbo wa maombi ya diski asome mistari yenye alama ya kutoa na ya kujumlisha, lakini asiishie hapo, maana msimbo uliopata hasara katika kisa hiki haukuwamo ndani ya kiraka kabisa. Muhuri wa SCSI ulikuwa katika faili nyingine, iliyoandikwa na watu wengine, miaka iliyotangulia. Naye akisha kuielewa njia ya ombi lililokubaliwa, ambayo mwandishi wa kiraka huieleza vizuri kwa kuwa ndiyo aliyoifikiria na kuipima, aielekeze bidii yake katika njia ya ombi lililokataliwa: limerudi mikononi mwa nani, limeguswa na nani njiani, limeachiwa alama gani, na yeyote atakayelichukua tena atajua kwamba limekwisha kuguswa? Vipimo vya kasi havijibu maswali hayo, kwa sababu vipimo hivyo huhesabu maombi yaliyofaulu. Zipo draiva za majaribio zilizoandikwa ili ziyakatae maombi kwa makusudi, na kiraka chochote kinachohusu foleni za diski kinastahiki kupitishwa katika moto huo kabla ya kusifiwa kwa kasi yake.

Wala mafunzo haya si ya waandishi wa viini vya mifumo peke yao. Kijana wa Nairobi, wa Kigali au wa Dar es Salaam anayeandika programu ya kupeleka fedha kwa simu anashughulika na ombi la namna hiyo hiyo kila saa: ombi linapelekwa, mtandao unasuasua, jibu linakuja kwamba lisubiri au haliji kabisa, na programu inalituma tena. Ikiwa ombi hilo lilikwisha kuandikwa nusu mahali fulani kabla ya kukataliwa, na likatumwa tena likiwa limebadilika, mteja atakatwa mara mbili au mpokeaji hatapata kitu, na kila sehemu ya mfumo itaonyesha hesabu iliyo safi.

Hatuna haki ya kumlaumu aliyeandika njia ya mkato. Aliona upotevu wa kweli, akaleta tadbiri, akapima, akaeleza sababu zake hadharani, na kazi yake ikapita mbele ya macho ya watu wenye ujuzi. Hayo ndiyo yanayotakiwa kwa fundi mwaminifu. Lawama, ikiwa ipo, ni yetu sote tunaotukuza msimbo mpya na kasi mpya, tukamhesabu mhakiki kuwa ni mtu wa kuchelewesha mambo. Waandishi ni wengi, na wasomaji ni haba. Mwandishi hupewa jina na cheo kwa kile alichokiongeza, na msomaji aliyezuia hasara hana cha kuonyesha, kwa kuwa hasara iliyozuiwa haina siku wala tarehe. Kampuni na vyuo vinavyowafundisha vijana wetu kuandika programu viwafundishe kusoma msimbo wa wenzao kwa bidii ile ile, viwape muda wa kazi hiyo, na viipe malipo na heshima sawa na ya kuandika. Kwani ahadi ya kwamba kilichohifadhiwa kitarudi kama kilivyokuwa hutunzwa na yule aliyepewa nafasi ya kuuliza, kabla kiraka hakijakubaliwa, ombi likikataliwa litakwenda wapi.